Vidonge vya Saa Mbili

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao, bila mto chini yangu. Wapo wanawake watakaosoma sentensi hiyo na kuelewa mara moja nilikotoka. Ninawaandikia hao kwanza. Wengine mnakaribishwa pia, ila msiniulize kwa nini sikunyamaza. Nilinyamaza karibu miaka miwili, na kunyamaza kwangu hakukuponya kidonda hata kimoja.

Jina langu ni Nabintu. Nilizaliwa Bukavu. Vita vilipozidi kwetu nilikimbilia Kampala pamoja na mume wangu Deo na binti yetu Rosine. Tulikuwa tumekaa Kampala miaka mitatu Deo alipogongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, akafa siku hiyo hiyo. Rosine alikuwa na miaka kumi na miwili. Tukabaki wawili katika chumba cha kupanga Old Kampala, nyuma ya duka la zamani la Wahindi, tukilala kitanda kimoja. Kazi nilipata Kikuubo, kwenye duka la jumla la kandambili. Mwenye duka, Hajati, ni Mganda, na wateja wake wengi ni Wakongomani wenzangu. Mimi nilisimama katikati yao: Hajati anasema bei kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mimi nainyoosha, mteja anacheka, biashara inaenda.

Miaka mitatu baada ya kifo cha Deo, mvua za Machi zilipoanza, nilihisi mguu wa kushoto unachonyota kutoka nyongani hadi gotini, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Siku ya pili ikaja homa. Siku ya tatu tezi za kinena zikavimba, kila upande moja, ngumu kama mbegu ya parachichi. Siku ya nne nilipokwenda haja ndogo nililia kwa sauti, na mpangaji mwenzangu aliyekuwa akingoja nje ya choo akaniuliza kama nimeona nyoka.

Nilijitazama kwa kioo kidogo cha kujipodolea. Palikuwa na malengelenge yaliyosongamana, mengine yameshapasuka na kuacha vidonda vyekundu. Nilirudisha kioo kwenye mkoba na kwa wiki nzima sikukitumia hata kwa uso.

Muuza dawa aliye karibu na kwetu alinipa dawa ya malaria na krimu, kwa sababu nilimweleza nusu tu ya shida. Nilijifunza mwenyewe kukojoa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ili mkojo usiunguze. Siku ya kumi na tano ngozi ilikuwa imefunga, nikamshukuru Mungu. Wiki tatu baadaye mguu ule ule ukaanza kuchonyota tena.

Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Kila mwezi nilikuwa na wiki moja ya kusubiri, wiki moja ya vidonda, wiki moja ya kupona, na wiki moja ambayo nilijifanya mtu mwenye afya. Kikuubo watu hukaa juu ya magunia wakipiga soga mteja asipokuwepo. Mimi nilisimama. Nilisimama asubuhi hadi jioni, miguu imeachana kidogo, na kanisani niliomba zamu ya kupokea wageni mlangoni ili nisikae kwenye benchi.

"Mama Rosine, habali ya mguu?" Hajati aliniuliza kila asubuhi. Waganda wengi huchanganya ra na la, na yeye hakujali kabisa.

"Baridi yabisi, Hajati. Unasumbua."

"Pole. Wewe kijana sana kwa hiyo."

Agosti nilikwenda kliniki. Ilikuwa nyuma ya hospitali moja nisiyoitaja, na benchi la kusubiria lilitazamana na njia, kwa hiyo kila aliyepita alijua mliokaa pale mmeletwa na nini. Wanawake walijifunika leso hadi puani. Mwanamume mmoja alifunua gazeti na hakugeuza ukurasa hata mmoja kwa saa mbili. Nilikuwa katika wiki ya vidonda, kwa hiyo niliegemea ukuta. Mbele yangu alikaa mwanajeshi. Alivaa nguo za kiraia lakini viatu vilimtangaza. Alinitazama, akatazama nafasi iliyokuwa wazi kando yake, akaelewa. Aliinuka, akaja kuegemea ukuta karibu nami.

"Mama, tusimame tu," akasema kwa Kiswahili cha kambini. "Hata mimi leo hiyo benchi imenikataa."

Sijui kama ilikuwa kweli au huruma. Alisimama na mimi hadi alipoitwa, na hatukusemezana tena. Katika mwaka ule, hakuna mtu aliyenifanyia wema mkubwa kuliko huo.

Muuguzi aliyenipokea aliitwa Nansubuga, lakini wote walimwita Musawo, yaani mganga, kama Waganda wamwitavyo kila anayetibu. Alinitazama kwa taa, akavua glavu, akavuta kiti karibu.

"Hii ni hepesi," alisema. "Malengelenge ya sehemu za siri. Haitakuua. Lakini haitoki mwilini. Inalala, halafu inaamka."

"Na dawa?"

"Dawa inaifanya irudi kulala. Bwana yuko wapi?"

"Alikufa. Miaka mitatu."

"Pole sana. Na sasa hivi?"

Nilitazama ukuta. Palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha.

Sasa nimtaje, kwa kuwa nimeahidi kusema yote. Aliitwa Wekesa, Mkenya wa Bungoma, fundi wa mizani. Alikuwa akizunguka maduka ya Kikuubo kurekebisha mizani zilizopotoka, na siku ya kwanza alipokuja kwetu alijipima mwenyewe juu ya mizani ya Hajati na kutangaza kwa sauti kwamba imemwibia kilo nne. Nilicheka mpaka nikajiegemeza kwenye mlango. Tulikuwa pamoja kwa siri tangu Januari. Homa ya kwanza ilinipata mwezi wa tatu. Baada ya hapo nilimkwepa kwa visingizio, na Julai kazi yake ilipokwisha alirudi kwao. Hakuna aliyejua. Kanisani mimi nilikuwa mjane mwenye heshima, mfano kwa wajane wengine.

Siku hiyo Musawo alinipima pia ukimwi. Nilisubiri majibu nikiwa nimekunja tiketi yangu ya namba mpaka ikawa nyuzi. Sikuwa nao. Akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu kupima tena, nikarudi, sikuwa nao. Nilimpigia Wekesa simu kumweleza, kwa sababu Musawo alisema ni haki yake kujua.

"Mimi niko sawa kabisa, Nabintu," alisema. "Tafadhali usinipigie tena."

Mwanzoni nilipewa vidonge vya asikloviri vya siku tano kwa kila mara ugonjwa ulipoamka. Uliamka kila mwezi. Mwaka mpya ulipoingia, Musawo alinipa ya kumeza kila siku, kidonge asubuhi na kidonge jioni, hata nikiwa mzima. Nilifurahi. Nilidhani nimefika mwisho wa safari. Februari vidonda vilitoka. Machi vilitoka mara mbili.

"Unazimeza zote?" Musawo aliniuliza.

"Ndiyo."

"Kira siku?"

Vidonge nilivificha ndani ya soksi, soksi ndani ya koti, koti chini ya sanduku, ili Rosine asivione. Siku ambazo hakutoka chumbani, sikumeza. Nilimweleza. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaandika saa mbili asubuhi na saa mbili jioni juu ya boksi, akasema, "Chagua, nyabo, bibi yangu. Ufiche dawa au ufiche ugonjwa. Mbiri pamoja hutaweza."

Nikachagua kumeza. Nilimwambia Rosine ni vidonge vya damu, nikaviweka juu ya kabati. Sikukosa hata kimoja. Na bado, katika miezi mitano, malengelenge yalitoka mara nne. Hili ndilo lililonivunja kuliko yote. Mtu anapokosea dawa ana cha kujilaumu, na kesho anaweza kujirekebisha. Mimi nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa. Nilikaa kwenye beseni la maji ya chumvi, nikiwa nimemeza vidonge vyangu vyote, na nikamwuliza Mungu kwa hasira anataka nifanye nini tena.

"Wako watu miili yao ni mikaidi," alisema Musawo. "Tukiona bado, tutapandisha dawa. Usikate tamaa."

Nilisikia neno "usikate tamaa" mara nyingi sana mwaka ule, na kila lilipotamkwa nilijua anayetibu hana jibu la haraka. Siwalaumu. Ila wewe unayesoma ukiwa katika hali hiyo, ujue kuwa inawezekana kumeza dawa vizuri na ugonjwa ukatoka vilevile. Hukukosea. Rudi kliniki useme.

Katika mji huu, mtu anayemeza kidonge kila siku saa ile ile, watu hawamuulizi anaumwa nini. Wanajua, au wanadhani wanajua. Rosine alikuwa amefika miaka kumi na sita. Hakuuliza. Julai nilirudi kutoka kazini nikakuta ametandika godoro jembamba sakafuni, upande wa dirisha.

"Kitanda kina joto," alisema bila kuniangalia.

Julai ya Kampala haina joto la kumtoa mtu kitandani. Wembe wake akauhamishia kwenye mkoba wa shule. Taulo lake likawa linaning'inia nje, mbali na langu. Niliviona vyote nikanyamaza, kwa sababu ningeanza kumsahihisha ningelazimika kumwambia ni ugonjwa gani hasa. Nilimwacha mtoto wangu aamini nakufa kwa ukimwi, ili tu asijue nilikuwa na mwanamume. Naandika hilo polepole, kwa sababu hakuna kidonda kilichonilaza macho kama kumbukumbu hiyo.

Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa ambao Kampala yote huwakaanga barabarani, nilitoka kazini Jumamosi mchana nikamkuta wifi yangu Beatrisi amekaa chumbani kwangu na sanduku lake. Ni dada mkubwa wa Deo. Alikuwa amesafiri kutoka Bukavu siku tatu. Aliinuka, akanikumbatia, akaanza kulia begani mwangu.

"Bakaniambia uko unakufa," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Rosine alinitumia sauti kwa simu, alikuwa analia. Mbona hukuniambia, wifi? Miye ni mtu wa inje?"

Rosine alisimama kwenye kona akitazama vidole vyake vya miguu.

"Sifi," nilisema.

"Nimekuja kukuuguza. Na ikifika saa yako, nitarudi na mtoto wa ndugu yangu. Hatalelewa na batu ba inje."

"Wifi, sina ukimwi."

Nilitoa karatasi za majibu. Alizigeuza pande zote mbili, akanirudishia. "Karatasi inaandikwa na mutu," alisema.

Basi Jumatatu tulikwenda watatu kliniki, tukakaa kwenye benchi lile linalotazamana na njia. Ilikuwa wiki yangu nzuri, niliweza kukaa. Rosine alikuwa amevaa sare ya shule na aliificha kwa leso yangu. Nilipoitwa nilimwomba Musawo awaruhusu waingie.

"Unaniruhusu niseme yote mbele yao?" aliniuliza.

"Sema."

Alinichoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akakiweka mezani, katikati yetu. Tulikaa tukikitazama. Rosine alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Mstari mmoja ulitokea, na Musawo akaeleza kwamba wa pili ndio ungekuwa wa kuogopesha, na haupo. Rosine aliinamisha kichwa juu ya meza akalia kama mtu anayetapika. Wakati huo tu ndipo nilipojua uzito aliobeba tangu Julai peke yake, akienda nao shule, akirudi nao. Nilitaka kumshika mgongo, lakini nilijiona sistahili.

"Sasa hivyo vidonge ni vya nini?" Beatrisi aliuliza.

Musawo akaeleza, kwa maneno machache na ya adabu.

"Na inapatikana wapi hiyo?"

"Kwa kulala na mtu aliye nayo. Hata akiwa hajui."

"Ndugu yangu amekufa karibu miaka tano," Beatrisi alisema polepole.

"Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonekana," alijibu Musawo. "Hakuna kipimo cha kusema ilitoka kwa nani."

Alisema kweli. Lakini nilipokwenda kwake peke yangu miezi mingi nyuma nilimsimulia ilivyoanza, homa, tezi, kila kitu, na aliniambia kwamba inavyoelekea niliipata mwaka ule ule, ingawa hawezi kuapa. Sasa alinitazama kidogo tu, akageukia faili langu. Alikuwa ameniachia mlango wazi. Mimi niliingia.

Tulipotoka, Rosine alisema, "Kwa hiyo ni Baba." Nilimweka leso sawa begani, tukashika njia.

Siku nne nilikaa na uongo ule, uongo ambao sikuwa hata nimeutamka. Nilijiambia kwamba wafu hawaumii. Beatrisi aliacha kula. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akizungumza peke yake kuhusu Deo: jinsi alivyomlea baada ya mama yao kufa, jinsi Deo alivyoapa mbele ya padri siku ya ndoa. "Nilimufundisha miye mwenyewe," alirudia. "Nilimufundisha vizuri." Niliona jinsi anavyomzika mara ya pili, na safari hii bila heshima. Siku ya nne, nilipokuwa nakunja nguo, niliona picha ya Deo haipo ukutani. Niliikuta chini ya godoro la Rosine. Deo amesimama na fulana nyeupe, amemshika Rosine mabegani siku ya komunyo yake ya kwanza.

Deo alikuwa mkali, alikuwa mwepesi wa hasira, tuligombana mara nyingi. Lakini sikuwahi kumshuku hata siku moja. Nilikaa kitandani na ile picha. Rosine aliporudi kutoka shule, nilimwita Beatrisi kutoka mlangoni, nikawaambia wote wawili wakae.

"Sijui nilipata wapi ugonjwa huu," nilisema. "Musawo alisema kweli, hakuna kipimo. Lakini kuna jambo hamlijui. Baada ya Deo nilikuwa na mtu. Mwaka juzi haukuwa umekwisha... hapana, mwaka jana, tangu Januari. Niliugua mwezi wa tatu. Nafikiri ni huko. Deo msimwekee lawama."

Ulimi wangu ulijichanganya hivyo hivyo, hadi miaka nikaikosea. Rosine alinitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu Julai.

"Mtu gani?"

"Mkenya. Ameshaondoka."

"Ulikuwa unasema unakwenda maombi ya Alhamisi."

"Ndiyo."

Alikwenda kwenye godoro lake, akalala akiutazama ukuta. Beatrisi aliichukua picha mapajani mwangu, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, upande wa Deo kwanza, halafu wa mtoto.

"Umenirudishia ndugu yangu," alisema. "Ninakushukuru. Lakini sitaweza kula tena kwako, wifi. Unisamehe. Siwezi."

Akaondoka kesho yake asubuhi. Alimwuliza Rosine mbele yangu kama anataka kwenda naye.

"Nitabaki," Rosine alisema. "Nina shule." Kisha akanigeukia. "Lakini usinisemeshe sana, Mama."

Sikumsemesha sana. Krismasi ilikuja tukaila kwa adabu kama wageni. Vidonda vilitoka mara tu Beatrisi alipoondoka na vikatoka tena Januari, vibaya kuliko miezi iliyotangulia, na Musawo alisema haishangazi, mwili hausikii dawa peke yake, unasikia na mengine. Nilipandishiwa vidonge kuwa vitatu kwa siku. Tumbo likasumbuka, kichwa kikauma, nikavumilia. Machi tulihamia dawa nyingine, ya jamii hiyo hiyo lakini yenye nguvu zaidi. Nilijifunza kuusikiliza mguu: ukianza tu kuchonyota naongeza kipimo kama nilivyoelekezwa, sisubiri malengelenge. Nilijifunza kwamba siku za hedhi, jua la kutwa nzima na usiku usio na usingizi huniletea, kwa hiyo najipanga mapema. Chupi za pamba, magauni mapana. Kwa Hajati nilisema ukweli nusu, kwamba ni ugonjwa wa kike usiopona.

"Na ulisema mguu!" alishangaa. Kisha akaagiza waniletee kreti ya soda iliyogeuzwa, akaweka juu yake mto wa nyumbani kwake. "Kaa pale. Mteja atakuja hapo hapo."

Ugonjwa umeniacha? Hapana. Tangu ile dawa mpya, umetoka mara mbili tu, siku chache, bila homa. Mara ya mwisho ulitoka siku ya harusi ya mtu wa kanisa letu, nikacheza nyimbo mbili tu. Nina siku bado ninazoamka na kuuchukia mwili wangu. Beatrisi hutuma salamu kwa Rosine, si kwangu. Nikipata nafasi ya kuwa na mtu tena, itabidi nimwambie kwanza, na sijui nitaanzaje. Sitawadanganya kwamba nimevuka. Nimefika mahali ambapo naweza kusimama na kupumua.

Picha ya Deo ilirudi ukutani siku ambayo sikuwepo. Godoro lilibaki chini dirishani, lakini Rosine amekuwa msichana mkubwa, na nafikiri sasa analipenda tu.

Julai hii, Jumapili baada ya ibada, alinikuta nahangaika kufumua misuko yangu mwenyewe, mikono imechoka. Alisimama akiangalia kidogo. Kisha akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu, akanichukulia kitana mkononi. Ilikuwa mwaka mzima tangu mikono yake iniguse. Alifumua msuko mmoja, wa pili, wa kumi. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza kamba.

"Mama."

"Eeh."

"Yule mtu. Alikuwa anakuchekesha?"

Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi kwetu sote.

"Ndiyo," nilisema. "Sana."

Vidole vyake vilisimama.

"Mwaka ule ulikuwa unacheka," alisema. "Unaingia tu, unacheka kabla hata ya kuvua viatu. Mimi nilidhani nilikuwa nakuchekesha mimi."

Nilishindwa kugeuka. Hata ningeweza, nilijua hataki kuonwa.

"Na wewe pia, Rosine. Nilicheka kwa sababu ni wewe uliyekuwa unanisubiri."

Alinisukuma kichwa mbele, taratibu, kwa kiganja chote.

"Inama," akasema. "Nimalizie huku nyuma."